Gasketi Mbili Kwenye Injini ya Mama Mkwe

Mafundi wenzake walimpa jina la Kwanini, likamganda hata mumewe akawa anaitwa mume wa Kwanini. Gereji yake ya mabati ilikuwa nyuma ya kiwanda cha magodoro. Miaka ishirini na miwili alikuwa anafungua injini, na bado kila aliyoifungua aliichungulia kwa uso wa mtu aliyeletewa barua asiyoitarajia. Wengine walibadilisha kilichokufa wakaenda zao. Yeye alitaka kujua kimekufaje.

Siku hiyo mama mkwe wake aliingia gerejini na gari lake la kale, la rangi ya maziwa, mvuke ukitoka kila upenyo wa boneti.

"Mwanangu," alisema akishuka, mkoba kwapani, "leo nimepitwa na baiskeli kwenye mlima wa hospitali. Tena baiskeli yenye magunia!"

"Pole, Mama. Injini ilikuwa inagonga, au inachoka tu?"

"Inachoka. Halafu ikikaribia juu inachemka kama birika. Na usiniambie ninunue jipya, hayo mwanangu wa kiume ameshaniambia. Nataka hili hili lipande mlima, na lisinilaze njiani."

Kwanini alimpa kiti, akampa maji, kisha akaanza kulegeza boliti za mgonjwa wake, ile injini.

Kufikia adhuhuri kichwa cha injini, kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya silinda, kilikuwa mezani. Hapo akasimama, spana mkononi. Kati ya kichwa na bloku, mwili wa injini wenye silinda, hukaa gasketi moja, bamba jembamba la kuzuia moto na maji visivuje. Hapa zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine.

Alimwita jirani yake, mchonga vyuma mwenye mashine kubwa ya leth. Jamaa alitazama, akaangua kicheko.

"Fundi uchwara huyo! Alibakiwa na gasketi, akaona uchungu kuitupa."

"Uchwara wapi? Tazama matundu ya maji yalivyolinganishwa kwa tupa. Boliti zote nilizikuta zimekazwa kwa nguvu moja. Aliyefanya hivi alikaa chini akafikiri."

"Haya, alifikiri nini?"

"Hilo ndilo linaloninyima raha."

Akazifunga zile gasketi kwenye gazeti, akazipeleka kwa mkwewe jioni ile ile, kabla hata hajanawa mafuta. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele.

"Mama, nani aliifungua injini hii mara ya mwisho?"

"Baba mkwe wako, Mungu amrehemu. Nani mwingine angeruhusiwa kuigusa?"

"Aliweka hizi mbili pamoja. Ilikuwaje?"

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akachukua gasketi moja, akaigeuza huku na huku.

"Kuna mwaka petroli ilikuwa mbovu kupindukia," alisema. "Ukikanyaga mafuta, injini inagonga ka-ka-ka, kama kuna mtu ndani anataka kutoka. Mzee akashinda uani siku mbili. Mimi ndiye niliyeshika bakuli la nati. Alipomaliza, kelele kwisha. Akaniambia, 'Hii ni ya muda tu. Petroli nzuri ikirudi, naitoa moja.'"

Kwanini alipiga paja lake. Kumbe! Mzee alikiinua kichwa kidogo, ili hewa na petroli visibanwe sana ndani ya silinda. Kugonga kukaisha, ila nguvu nazo zikapungua.

"Na petroli nzuri ilirudi lini?"

"Mwaka uliofuata."

"Sasa mbona hakuitoa?"

"Alikuwa ameshaanza kuumwa." Mama aliirudisha gasketi juu ya gazeti taratibu. "Nami nikadhani gari limezeeka. Miaka kumi na tisa naliendesha polepole, nalionea huruma!"

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho, na Kwanini hakujua machozi yale yalikuwa ya kicheko tu au na mengine.

Lakini gasketi hazikueleza kuchemka. Wala hazikueleza kwa nini silinda ya nne, ile ya nyuma, aliikuta imelika kuliko nyingine. Kesho yake Kwanini aling'oa vizibo vya ubavuni mwa bloku, akapenyeza waya kwenye njia za maji. Tatu za mbele zilikuwa wazi. Ya nyuma waya ulikwama. Alikwangua, akamwagia maji, akakwangua tena, na tope jekundu la kutu likatoka kikombe baada ya kikombe. Kwa miaka silinda ile ilikuwa ikifanya kazi na kiu.

"Njoo uone!" alimwita mchonga vyuma, kwa furaha ya aliyeokota dhahabu.

"Nione matope?"

"Ndiyo, matope!"

Jirani alimchongea silinda zote nne zipokee pistoni mpya, kubwa kidogo. Kwanini alizipima kwa mizani ya sonara wa mtaa wa pili, akakuta moja imezidi wenzake. Akaipunguza kwa tupa upande wa ndani hadi zikalingana, injini isije ikatetemeka. Bomba la kuingizia hewa nalo halikukutana sawa na tundu la kichwa. Lilikuwa na ukingo kama kizingiti, akausaga ukaisha. Juu ya bloku akaweka gasketi moja tu, mpya.

Siku ya kuiwasha iligoma, ikapiga chafya, ikatema moshi. Kumbe alikuwa amepishanisha nyaya mbili za plagi. Mchonga vyuma alimtania kutwa nzima.

Wiki tatu Mama aliendesha kwa upole, kama alivyoagizwa, ili pistoni zizoeane na makazi yake. Ndipo wakaenda mlimani pamoja, Mama kwenye usukani, Kwanini akikodolea macho mshale wa joto. Walilipita lori la mchanga. Mshale ulibaki katikati, na Mama alikuwa anaimba.

Siku hizi Mama huvuka mlima kila Alhamisi kwenda kwa dada yake, aliyekuwa akimwona kwa kubahatisha lifti. Limebaki jambo moja. Injini ikiwa baridi, hutoa tik ndogo kwa dakika moja, kisha kimya. Si vali, Kwanini amezipima mara tatu. Mama anasema iachwe, haina madhara, na Kwanini anaitikia kwa mdomo. Alhamisi asubuhi, kabla ya safari, utamkuta ameinama juu ya injini, ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini wake sikioni, akiisaka tik ile.