Chai ya Bwawa la Tatu

Siku ya kwanza machimboni kule Mtoni sikupewa nyundo, nilipewa kikombe cha bati. Mie nilidhani nimeajiriwa kuvunja mawe ya matumbawe, yale waliyokuwa wanajengea barabara wakati wa Mwingereza. Mnyapara wa mitaro, mzee wa Kimakonde asiyecheka ovyo, akasema, "Kijana, kunywa. Sie hatuanzi kazi na kiu." Nikanywa chai. Ndipo akanionesha yalikotoka maji yake: bwawa la tatu.

Nyie wa siku hizi mtashangaa. Shimo la mawe likinyeshewa linageuka karai. Juu yake tulichimba mtaro wa kukinga, maji ya mvua yapite pembeni. Yaliyoanguka ndani yalikuwa meupe kama tui, vumbi la chokaa tupu. Hayo tuliyavuta kwa pampu hadi bwawa la kwanza, tope litue, kisha la pili, kisha la tatu. Bondeni kuna kisima cha akina mama. Kwa hiyo sheria ya mzee ilikuwa moja: maji hayafunguliwi kwenda bondeni mpaka genge zima limeyapikia chai na kuinywa. Sukari tulichanga wenyewe, na kuna Mngoni mmoja alikuwaga anaiba vijiko, Mungu amrehemu, lakini hayo mengine.

Mzee aliporudi kwao kusini, unyapara nikapewa mie. Masika moja shimo likajaa. Msimamizi wetu, Mwingereza mrefu tuliyemwita Bwana Mkubwa, alikuwa anadaiwa mawe kule Kurasini bandarini. Akaniamuru nibomoe tuta la udongo lililozuia maji upande wa bondeni, maji yote ya shimo yaende huko siku hiyohiyo. Nikamweleza habari za kisima. Akasema anakijua.

Hapo ndipo nilipokasirika. Angekuwa hajui, ningemwelewesha. Nikachota maji ya shimo, nikapika chai mbele yake, nikammiminia kwenye kikombe changu.

"Karibu, Bwana Mkubwa. Ukimaliza, nabomoa."

Akakitazama. Utando mweupe ulikuwa unaelea juu. "Unanipa amri?"

"Nakupa chai."

Akaimwaga chini. Nikalaza koleo langu juu ya tuta. Genge nao wakalaza yao, mmoja mmoja. Alitukana mpaka sauti ikamkauka. Tuta likabaki. Maji yakapita mabwawani kwa mwendo wake, na mawe yakasubiri.

Unyapara nikavuliwa. Nikaponda kokoto mpaka mgongo ukapinda, ndiyo maana mnaniona natembea kama natafuta sindano. Wenzangu waliniambia nikaombe radhi, nirudishiwe cheo. Niombe radhi kwa lipi?

Siku ya kustaafu, msimamizi mwingine kabisa aliniita ofisini, akanimiminia chai kwenye kikombe cha maua. Nikamuuliza maji yametoka wapi. Akasema ya bomba. Nikamshukuru, nikakiacha kikombe pale mezani, nikashuka bondeni kunywa kisimani.