Askofu Akosa Pumzi Kamukuywa

Tangu Kiminini, Rosaline Nakhungu alikuwa na shida mbili: gari lake halikuvuta, na yeye mwenyewe alibanwa na mkojo. Hiyo ya pili angeimaliza nyuma ya mahindi ya watu, kama wafanyavyo wasafiri wote wenye adabu, ila aliogopa kusimama. Askofu akizimika hapa, nani atamfufua?

Askofu ndilo gari lenyewe, Probox nyeupe iliyoona mengi. Alipewa jina hilo kwa sababu ni mweupe, hana haraka, na hakuna kijiji anachofika bila habari za kuku. Asubuhi hiyo alikuwa amebeba vifaranga mia nne, walioanguliwa jana kwake Rosaline huko Saboti, wakilia ndani ya maboksi yenye matundu. Walitakiwa Mabanga kabla jua halijawa kali.

Na hapo ndipo roho ya Rosaline ilipokuwa imening'inia. Wiki iliyopita Askofu alitambaa hivi hivi, wakafika saa nane, na vifaranga thelathini na mmoja walikuwa wamekufa kwa joto. Edinah, mwenyekiti wa akina mama wa Mabanga, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mama Joy, hawa ni wa kufuga ama wa kuzika?" Kisha akasema kikao kimepitisha: kosa lingine kama hili, wanahamia kwa muuzaji wa Kakamega.

Rosaline hakuzaliwa na kuku mikononi. Miaka kumi na minne aliwapigia wakubwa chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Kitale, na barua nyingi zilianza kwa "Nasikitika kukujulisha". Siku alipochoka kusikitika kwa niaba ya watu wenye vitambi, alirudi Saboti akaanza kuangua mayai. Kifaranga, alipenda kusema, hakikutumi kukiletea chai.

Sasa Askofu alikuwa anamrudisha kwenye masikitiko.

Si kwamba hakutafuta tiba. Kitale nzima ni mafundi mpaka uwaletee gari. Shemeji yake Tonny alisema ni plagi, zikabadilishwa. Fundi wa karibu na stendi akasema ni filta ya hewa, ikabadilishwa. Jamaa mwingine alichomeka waya wa kompyuta chini ya usukani, akakodolea kioo macho kama anayesubiri matokeo ya mtihani, akatangaza gari halina ugonjwa. "Basi shida ni mguu wako, mama. Hukanyagi." Mwisho, pasta wa mtaani aliweka mkono kwenye boneti na kukemea roho ya uzito. Askofu aliunguruma vizuri sana akiwa amesimama, watu wakaitikia amina, na mlima wa kwanza ukawaumbua wote.

Mlima wa leo ulikuwa ule wa kutoka mto Kamukuywa. Rosaline alikanyaga mafuta mpaka kiatu kikagusa chuma. Gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Bodaboda iliyobeba kochi la watu watatu ikampita. Nyuma yake mzee mmoja, aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la makaa, akamfikia, wakaenda sambamba.

"Mulembe, mama!"

"Mulembe, mzee."

"Nikusaidie kubeba?"

Rosaline angecheka, lakini kwa hali ya kibofu chake kicheko kilikuwa hatari.

Juu ya mlima palikuwa na gereji ya mabati matatu. Mwenyewe, Abdihakim, mwenye ndevu zilizopakwa hina na ovaroli iliyosahau rangi yake, alikuwa anakunywa chai. Rosaline akaegesha kivulini na kumwaga maelezo yote pamoja: plagi, filta, kompyuta, pasta. Alikwishafungua boneti.

"Funga hiyo," Abdihakim akasema.

"Si uangalie kwanza?"

"Wameangalia wangapi? Wanne? Wote wameangalia mdomo." Akazunguka hadi nyuma ya gari. "Mimi huanza na matako. Weka moto."

Rosaline akawasha injini, naye fundi akachutama, akaweka kiganja mbele ya bomba la moshi. Akangoja. Akamwita Rosaline aweke wake. Pumzi ilikuwa nyembamba kama ya mgonjwa anayeaga, huku chini ya gari moshi ukifoka pembeni, kwenye tundu la kutu.

"Mama, mtu akila na asiende choo, anaweza kulima?"

"Hawezi," alisema Rosaline, akibana magoti. Mfano ule ulimgusa kuliko fundi alivyojua.

"Hii gari imefunga choo. Inakula mafuta, moshi hautoki. Bila hiyo kutu ingekufa kitambo. Hulala wapi?"

"Kwa stoo, na mahindi. Si ni wakati wa mavuno."

"Panya?"

"Ah, panya hawaingii. Baba Joy huziba ekzosi na gunzi kila jioni. Asubuhi anatoa."

Abdihakim aliweka kikombe chini polepole.

"Hutoa yote?"

Hapo Rosaline akakumbuka. Mumewe Wanyonyi alikuwa anapigana vita na panya kama mtu aliyetangaziwa na redio. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita panya walikuwa wameng'oa gunzi lake, naye akaapa, akapigilia lingine kwa nyundo. Kesho yake alitoka stoo na kipande mkononi, akakitupia mbuzi. Kipande! Gunzi zima halienei kiganjani vile. Na Askofu alianza kuchoka Jumapili hiyo hiyo.

"Ngai!" akasema Rosaline, ambaye si Mkikuyu.

Abdihakim alikuwa amelala chini tayari. Alichukua skrubu ndefu ya kufungia mbao, akaizungusha ndani ya bomba mpaka ikauma kitu, akaishika kwa koleo na kuvuta. Akavuta tena huku akisoma Bismillahi, mguu mmoja kwenye bampa. Kitu kikatoka ghafla, fundi akaketi kwa makalio: nusu gunzi, jeusi, limevimba kwa mvuke.

"Weka moto sasa. Kanyaga."

Askofu alinguruma kiasi kwamba kuku wa jirani walitawanyika. Vifaranga ndani ya maboksi wakanyamaza wote, kwa heshima.

Rosaline hakumbuki alivyolipa. Anakumbuka yule mzee wa makaa, ambaye safari hii yeye ndiye alimpita, kwa honi ndefu, kisha Misikhu ikipita, na Webuye, gia ya nne mlimani. Wanyonyi akapiga simu, akawekwa kwenye spika.

"Mama Joy, gari iko aje?"

"Imepona. Ilikuwa gunzi lako."

"Lakini panya hakuingia, ama?"

"Baba Joy, hata moshi haukutoka!"

"Si nilikuambia hiyo kitu inaziba vizuri."

Saa nne na nusu aliingia Mabanga. Akina mama walikuwa langoni, mikono viunoni. Edinah akafungua boksi la kwanza, la pili, la tatu, vifaranga wote wanalia. Kwenye la nne kimoja kilikuwa kimelala ubavu, hakitikisiki. Edinah akakigusa kwa kidole. Kifaranga kikafumbua jicho, kikamwangalia kama karani aliyeamshwa ofisini, kikasimama.

"Mia nne," Edinah akasema, na uso ukafunguka. "Kakamega wangoje. Njoo, Mama Joy, ukae, kuna chai—"

Lakini Rosaline alikuwa ameshapita katikati yao, anakimbia na leso mkononi.

"Chai baadaye, dada! Choo kiko wapi?"