Mkaguzi Asiyesema

Tulianza kumshuku kwa sababu ya chakula. Kwetu Kyela mtu akipika ubwabwa akakukaribisha, unanawa. Hata kama umeshiba unaonja tonge mbili, unasema ndaga, yaani asante, na mambo yanaishia hapo. Huyu mkaguzi mpya wa ubora alikaribishwa siku yake ya kwanza na mtunza ghala, mama mmoja mwenye sauti ya kwaya, akajibu, "Asante mama, nimeshiba." Kisha akachukua bakuli lake mwenyewe, akazunguka nyuma ya ghala, akakaa kati ya vichanja vya kuanikia kakao na kula peke yake. Kesho yake vivyo hivyo, na wiki ikaisha hivyo.

"Mtu anayejificha kula hana chakula tu cha kuficha," mtunza ghala aliniambia huku akikomba sufuria.

Nilikuwa katibu muhtasi wa chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kakao, hapa mjini. Meza yangu inatazamana na mlango, kwa hiyo hakuna aliyeingia wala kutoka bila mimi kumwona. Yeye aliingia kama mtu aliyekosea nyumba. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mzaliwa wa Ngana, amesomea kilimo. Alinisalimu "Shikamoo mama" kwa sauti ndogo mno, nikawa naitikia midomo yake tu. Akishaketi, ndiyo basi. Ukimuuliza habari za nyumbani, nzuri. Za Ngana? Nzuri. Umeoa? Anatabasamu, anatazama kisu chake.

Kazi yake ilikuwa kupasua punje. Anachota kakao kwenye gunia la mkulima, anazipasua katikati, anaangalia ndani kama zimevundikwa sawasawa au zimeanikwa kabla ya siku zake. Wakaguzi waliomtangulia walikuwa wakifoka wakikuta punje mbaya, au wanalainishwa na mkungu wa ndizi na gunia linapita. Huyu hakufoka, na mkungu hakuupokea. Alimwita mkulima pembeni, wakachuchumaa wote wawili, akamweleza kwa Kinyakyusa polepole, kwa muda mrefu, mpaka mkulima anacheka. Kumbe maneno alikuwa nayo. Hakuwa nayo kwa ajili yetu. Hilo ndilo lilituuma.

Mwaka ule ofisi ilikuwa na chokochoko nyingi, ndipo meneja akaleta mwezeshaji kutoka Mbeya atufundishe namna ya kuishi pamoja kazini. Tulijazishwa maswali, kisha tukagawiwa kadi za rangi kulingana na tabia. Wanaopenda kuongoza walipata nyekundu, na meneja alifurahi sana kupata yake. Mtunza ghala na mimi tulipata njano ya watu wachangamfu. Mhasibu wetu, mtoto wa wenye maduka ambaye babu yake alitoka pwani, akapata kijani ya watu wa mipango. Mkaguzi akabaki amesimama kwenye kona na kadi ya bluu, hana mwenzake.

"Huyu ni mtu wa ndani," mwezeshaji alisema, akamshika bega, naye akajikunyata kama konokono. "Hapendi kelele. Hapendi ugomvi. Lakini moyoni ana jambo analoliamini, na mkiligusa hilo, hamtamtambua."

Nadhani alikusudia tumwelewe. Ilikuwa kinyume chake. Kabla ya semina tulikuwa tunamshuku hivi hivi tu; baada ya semina mtaalamu alikuwa ametuthibitishia kwamba ndani mwake kuna kitu. Mhasibu aliniinamia, akaninong'oneza, "Umesikia? Hatutamtambua. Mwenyezi Mungu atuepushe."

Mvua za masika zilipokaribia, meneja alituita sisi watatu, mhasibu, mkaguzi na mimi, akafunga mlango. Alisema anataka kufunga kituo cha kukusanyia kakao cha Busale. Barabara huharibika, lori hukwama, na usumbufu umemchosha. Wakulima wataleta mizigo yao wenyewe hapa mjini. "Lakini neno hili lisitoke humu," alisema. "Nitalitangaza mwenyewe kwa wakati wake." Mhasibu na mimi tukaitikia. Mkaguzi hakuitikia wala hakukataa. Alitazama dirishani.

Siku chache baadaye nilifika kazini nikakuta baraza limejaa. Wanawake wa Busale, kanga mabegani, na wazee kadhaa wenye fimbo. Mama mmoja alinisalimu kwa adabu zote, "Mugonile," kisha akaniuliza bila kupandisha sauti, "Ni kweli mnatufungia kituo? Mimi nitabeba gunia kichwani mpaka hapa?"

Meneja aliwaambia ni uvumi, wakaondoka bila kuridhika. Kisha akarudi ndani amekunja uso. "Tulikuwa wanne chumbani," alisema. 

Tangu asubuhi ile ofisi iligeuka. Mhasibu alianza kufunga droo kwa ufunguo hata akienda msalani. Nilipopiga simu kwa dada yangu, aliacha kuandika ili asikilize. Nami nikamtazama yeye: si ana shemeji Busale? Lakini wote wawili, tukichoka kutazamana, macho yetu yaliishia nyuma ya ghala, kwa yule anayekula peke yake. Yeye alikuwa vile vile. Hakuonyesha hofu, na mtu asiyeogopa wakati wote wanaogopa ana lake jambo. Mtunza ghala alikuja na habari kwamba kila Ijumaa jioni mkaguzi hupanda baiskeli kuelekea Itungi. "Anakwenda kuonana na walanguzi," alisema. "Wale wanaonunua kakao mbichi kwa siri. Kituo kikivurugika, nani anafaidi?"

Ijumaa iliyofuata nilijiambia nakwenda Itungi kununua usipa, dagaa wa ziwani. Kweli nilinunua. Lakini nilipitia bandarini, ambako siku hiyo palikuwa na watu wachache, na nikamwona ameegesha baiskeli, amevua viatu, amekaa kwenye ukingo wa saruji akitazama ziwa. Nilisogea nyuma ya kibanda. Alikuwa anaongea. Nilisikia wazi: "Nimewaambia. Nitawaambia tena." Akanyamaza, akarudia kwa sauti nyingine, ngumu zaidi: "Nimewaambia. Na nitawaambia tena."

Nilitafuta mtu wa pili, sikumwona. Nikatafuta simu sikioni, haikuwepo. Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia. Mbele yake maji tu, na milima ng'ambo. Mlanguzi ningemwelewa. Mtu anayeliambia ziwa maneno ya namna ile sikumwelewa. Nilirudi na usipa wangu bila kumsalimu, na Jumatatu nikamweleza meneja nilichosikia.

Meneja alisikiliza akigongagonga kalamu mezani. "Basi," alisema. "Sasa nitajua."

Alichofanya nilikuja kukijua baadaye. Alituita mmoja mmoja. Mhasibu aliambiwa kituo kitahamishiwa Ngana. Mimi niliambiwa jengo la Busale litakodishwa kwa mnunuzi binafsi, na nikaagizwa nisimwambie mtu. Nilikaa na neno hilo siku nzima likinikereketa kama mfupa wa samaki. Mkaguzi aliambiwa kwamba baada ya wiki mbili kituo hakipokei kakao tena. Yote matatu yalikuwa uongo. Aliyemwaga lake angejulikana kwa rangi ya maji.

Jumapili ikapita. Jumatatu asubuhi baraza lilijaa tena, safari hii hadi barabarani. Hawakuwa na adabu ya kwanza. "Wiki ijayo!" walisema. "Mnafunga wiki ijayo, na kakao iko kwenye vichanja!"

Nilimwona meneja dirishani. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia mtego ukifyatuka. Kisha akatoka nje, na hapo ndipo mambo yalipomgeukia. Watu hawakuwa na haja ya mitego yake. Mzee mmoja alisogea mpaka kwenye ngazi akasema, "Kama si kweli, apa hapa mbele yetu. Kituo kinafungwa au hakifungwi?"

"Wiki ijayo hakifungwi," meneja alijibu.

"Hatukukuuliza wiki ijayo, baba. Kinafungwa au hakifungwi?"

Jasho lilimtoka. Kusema "kinafungwa, ila baadaye" kungewasha moto. Akasema hakifungwi. Wakamtaka arudie. Akarudia, kwa sauti kubwa, na wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba harusi imefika. Nilisimama mlangoni nikaona mpango wake wote ukifa mdomoni mwake mwenyewe.

Walipoondoka alituita ndani, na mtunza ghala akajipenyeza ingawa hakuitwa. "Sasa," meneja alisema, "nani amewaambia?" Alikuwa anamtazama mkaguzi.

Mkaguzi alisimama. "Mimi," alisema. "Nimewaambia. Na nitawaambia tena."

Maneno ya Itungi, neno kwa neno. Hakuwa akiliapiza ziwa. Alikuwa akijizoeza.

"Uliwaambia wapi? Kwa siri gani?"

"Si kwa siri. Kanisani Busale, baada ya matangazo. Niliomba nafasi, nikasimama mbele."

Mtunza ghala alishika mdomo. Huyu ambaye "shikamoo" yake haisikiki, asimame mbele ya kanisa zima?

"Na ile ya kwanza?"

"Ile pia mimi."

"Wiki zote hizi tunashukiana humu ndani," mhasibu alipaza sauti, "na wewe umekaa kimya?"

"Hamkuniuliza," alisema. "Mliulizana ninyi kwa ninyi. Kakao ni yao, kituo walikijenga wao kwa matofali yao. Sijui habari yao inakuwaje siri kwao." Akaketi. Alikuwa amelowa jasho kama mtu aliyetoka kulima.

Meneja hakumfukuza. Kumfukuza kungewarudisha watu barazani. Alimhamishia kituo cha Busale, mbali na vikao na mbali na mlango wowote wa kufungwa, akaiita adhabu. Mkaguzi alifunga vitu vyake, akatuaga mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza akaonja ubwabwa wa mtunza ghala, tonge mbili.

Wenzangu waliamua kwamba alikuwa malaika. Mtunza ghala alianza kumsifu kwa nguvu ile ile aliyomsengenyea, na mhasibu akasema watu wa bluu ndivyo walivyo, moyo wao ni maji safi. Mimi sikutulia. Kitu kimoja kilinikaa vibaya. Mvua ziliponyesha sawasawa nilitumwa Busale kupeleka magunia matupu, nikafika nimetapakaa tope hadi magotini. Nilimkuta chini ya bati, amechuchumaa na bibi mmoja, wanaangalia punje zilizopasuliwa. Alinisalimu, safari hii nikamsikia. Bibi alipoondoka nilimuuliza.

"Kaka, nikuulize kitu. Siku meneja alipokuita peke yako, akakwambia kituo kinafungwa baada ya wiki mbili. Uliamini?"

Alifuta kisu kwenye suruali.

"Mama," alisema, "tangu nimeajiriwa meneja hajawahi kuniambia jambo lolote nikiwa peke yangu. Siku hiyo aliniita, akanipa soda, akafunga mlango."

"Kwa hiyo ulijua ni mtego."

"Niliambiwa na meneja, nikawaambia wenye kakao. Sikuongeza neno, sikupunguza neno."

"Sijakuuliza hilo."

Akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, na nikaona mtu ambaye kadi ya mwezeshaji haikumgusa kabisa. Kisha akatabasamu, akachota punje nyingine. "Mvua inakuja, mama. Bodaboda hawatakubali kukuchukua ikianza."

Nilirudi mjini nikiligeuzageuza jibu lile. Mtu anayechukia uongo akautumia uongo wa mwingine, akautembeza mpaka kanisani ukiwa mzima, ili kituo kiokoke. Huyo ni mtu safi, au ni mjanja kuliko sisi wote? Niliona yanawezekana yote mawili, na hilo lilinitisha kuliko kama lingekuwa moja.

Meneja alinikuta kwenye ngazi nikikwangua tope. "Yule anaendeleaje huko?"

"Anaendelea na kazi."

"Amesema nini?"

Nilimjua meneja. Neno moja tu lingetosha kumwondoa yule kijana Busale.

"Hakusema kitu," nilijibu.

Alinitazama kwa muda, akitafuta jambo usoni pangu. Kisha akaingia ndani, na baada ya kitambo kidogo nikasikia anamwita mhasibu, peke yake.