Utomvu wa Tumbaku Kwenye Tangi la Matumbawe

Matumbawe niliyapata Dar es Salaam, kwa bwana niliyekuwa namwendeshea gari. Alipohama nchi alinipa tangi la kioo na vipande vyenyewe, vilivyokuwa vimeoteshwa humo humo. Nikavileta Tabora kwenye ndoo, nimeikumbatia safari nzima. Hapa mtaani kwetu Chemchem watu walikuja sebuleni kutazama, nami nikawa nawaeleza kwamba hayo si mawe, ni wanyama hai. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo kile kidogo nilichokijua nilikisema kwa sauti kubwa.

Sheria yangu kuu ilikuwa sabuni isikaribie tangi. Mke wangu akifua, ndoo zake zikae uani. Dawa ya kupuliza wadudu nayo marufuku.

Msimu huu wa kuchuma tumbaku nilikuwa nakwenda kila wiki kumsaidia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, shambani kwake upande wa Isikizya. Nikirudi, cha kwanza ni tangi. Ndipo vipande vikaanza kujikunja. Nyama ikabanduka kama utando wa maziwa, ikabaki mifupa myeupe.

"Umepuliza dawa," nikamwambia mke wangu. Mama yake, aliyekuja kututembelea, alikuwa amekaa pale pale.

"Nilipuliza jikoni, kwa ajili ya mende. Mlango nilifunga."

"Ungefunga, vingekufa?"

Mamamkwe akatazama tangi, kisha mimi. "Mkwe wangu, mawe nayo yanaugua?"

Nadhani alitaka tucheke, yaishe. Sikucheka. Nikasema huyu mwanamke hasikii, hafai kuachiwa kitu cha maana. Nilisema hivyo mbele ya mama yake mzazi.

Toka siku ile mke wangu hakukanyaga sebuleni. Walikaa jikoni na mama yake, nawasikia wanacheka, nikipita wananyamaza. Dawa haikupulizwa tena. Maji nilibadilisha. Lakini kila nikirudi kutoka shambani, vingine vinakufa.

Kilichoviua nilikijua kwa taulo. Ni jeupe, la kufutia mikono nikitoka kwenye tangi, na lilikuwa limejaa madoa ya kahawia. Aliyechuma tumbaku anaujua ule utomvu: unaganda mikononi kama lami, na maji matupu hayautoi, unataka sabuni na mchanga. Mimi kwa kuogopa sabuni nilikuwa nasuuza tu, kisha natumbukiza mkono mpaka kiwiko. Na tumbaku hiyo hiyo ndiyo tunayoloweka kuulia wadudu wa mboga. Hilo nalijua tangu utoto.

Kwa haki, sina kipimo. Huenda dawa ya mende ilichangia. Ila nikiandika hivyo najiona natafuta wa kubeba naye lawama, na vile vilivyokufa baadaye havikupuliziwa na mtu.

Nilimfuata mke wangu jikoni akiwa peke yake, nikamwomba radhi. Akaendelea kuchambua mchicha.

"Hapa unamwambia nani?" akasema. "Ulinisema kule, mama akiwepo."

Nikawaza ningoje mama arudi kwao kwanza, nisiseme mbele yake. Hilo linanitia aibu kuliko yote. Kesho yake ndipo nikawaita sebuleni.

"Mama, mwanao hakuua kitu. Ni mikono yangu."

Mamamkwe akaishika mikono yangu, akaigeuza. "Na hii ndiyo unayolia ugali?"

Mke wangu alicheka kidogo, bado kasimama mlangoni. Halafu akauliza kama kuna kilichobaki. Kilikuwepo kimoja, pembeni, kinafunguka kwa shida. Nikamwonyesha kwa kidole, nje ya kioo.