Mti Nyuma ya Kasuku

Kosa langu la kwanza katika kuchora ndege halikuwa kwenye ndege. Lilikuwa kwenye mti.

Nililikumbuka juzi niliporudi kijijini kwetu Itebero, nikaikuta picha yangu ya utotoni bado imebandikwa katika duka la mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo, pembe moja imeliwa na mende.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shamba la koko yangu, mama wa baba, lilikuwa mbali ndani ya pori, na kando ya kibanda chake kulikuwa na mti walimolala kasuku. Jioni walipiga kelele kama darasa lisilo na mwalimu. Watu walikuwa wakiwanasa kwa ulimbo na kuwauza mjini, kwa hiyo koko alitukataza kutaja mahali hapo. Mimi niliwaza kwamba mtu akiwa na picha nzuri ukutani, hatahitaji ndege kwenye kizimba.

Hakuna aliyenifundisha. Kijivu nilikipata kwenye mkaa na majivu, mkia kwenye kalamu ya bic nyekundu ya mwalimu. Unyoya mmoja ukikosewa, nilichana karatasi nzima. Koko, akitwanga sombe, majani ya mihogo, alinicheka: "Weye, ata kasuku mwenyewe hajue manyoya yake vile."

Na kwa kuwa sikuweza kuacha kitu nusu, nikachora na mti wenyewe, tawi lililovunjika, hata kona ya kibanda.

Nikampelekea yule mwenye duka, akaibandika juu ya magunia ya chumvi. Nilikuwa nimesimama pale nikingoja sifa, mtegaji ndege mmoja alipoikaribia.

"Hii kibanda si ya koko yako?"

"Njo yenyewe, Papa," nikajibu kwa furaha.

"Uko na macho, mutoto."

Tuliporudi shambani wiki iliyofuata, mti ulikuwa kimya. Kwenye matawi yaliyopakwa ulimbo yalikuwa yamenata manyoya mekundu. Koko hakunigombeza. Alisema tu, "Ndege ulimuchora muzuri. Njia ya kufika kwao njo haukupaswa kuchora," akaingia kumenya mihogo.

Koko hayupo tena, na kibanda kimeanguka. Mimi naishi Masisi, nachorea shule korongo wa malishoni, ili watoto wawajue na wawaache. Wafugaji wanaoniletea maziwa huuliza, "Huyu ulimuonea wapi, kaka?" Nawamiminia chai. Bado narudia unyoya mmoja mara tano, lakini nyuma ya kila ndege naacha karatasi nyeupe. Kasuku hawajarudi kwenye ule mti.