Kitambaa Juu ya Betri

Mke wangu aliuawa na lori la kwaya, njia ya Matete. Dereva alikuwa amelewa. Mimi nilitoka humo na mguu huu mfupi. Dereva huyo ni wa kwanza kuniulia mke. Wa pili na wa tatu hawakuwa wamekunywa chochote.

Sauti ya mke wangu ilibaki kwenye kaseti, akiongoza kwaya. Katibu wa kanisa letu hapo Kabras akaiingiza kwenye kompyuta ya ofisi, ile kuukuu tuliyoletewa na wageni, yenye mfumo wa Linux. Kisha, kwa sababu kwetu kaseti haitupwi, akarekodi mahubiri juu yake. Alisema kompyuta haisahau.

Lakini ilichelewa sana kuwaka. Akaitwa fundi kutoka mjini. Mimi nilikuwa nafagia hapo, nikasikia.

"Ikiamka inaamsha vibarua wengi, programu ndogondogo za ndani," fundi alisema. "Wa modemu, wa printa. Kama kifaa hakuna, kibarua wa nini? Namzima."

"Zima tu. Hata kwa miwa, mvivu anafukuzwanga."

"Na huyu wa kusikiliza betri, stima ikipotea? Betri mko nayo?"

"Betri tutoe wapi, ndugu yangu? Sisi watu wa koroboi."

Wakacheka. Akamzima.

Betri ilikuwa miguuni pao, ililetwa pamoja na kompyuta. Mke wangu aliifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, kama tunavyofunika redio na kila kitu cha heshima, na akina mama wakaweka maua ya plastiki juu. Katibu alidhani ni kistuli. Fundi hakuinama kufuata waya. Mimi pia niliona maua tu, lakini mimi nililipwa kufagia.

Alasiri moja mvua ikaja na radi, stima ikapotea. Kompyuta haikuzimika. Katibu alikuwa akihamisha nyimbo za mke wangu humo ndani.

"Mmeona? Kwa nyumba ya Mungu stima haipoteangi."

Chini ya maua kitu kikawa kinalia, tii, tii. Zamani kibarua yule angesikia, akaifunga mashine polepole. Sasa kililia hadi kikanyamaza, na kioo kikawa cheusi.

Fundi alirudi, akabofya asubuhi nzima.

"Pole, mzee. Nyimbo zimeharibika. Yule wa betri tungemwacha."

"Kaseti je?" nikauliza.

Katibu akaniwekea. Nikasikiliza pande zote mbili, mahubiri matupu, sauti yake katibu mwenyewe ikisema amina.

Nikaondoa maua, nikakunja kitambaa, nikaenda nacho nyumbani.