Ubao Wangu Umekaliwa

Mama alipostaafu ualimu, wenzake wa shule ya Mkunya walipanga kumwandalia chakula cha mchana, Masasi au Newala. Mimi nilipewa kazi moja: kusoma risala ya familia. Niliiandika mara kumi na moja. Kazi ya pili nilijipa mwenyewe, kutafuta mahali ambapo kiti changu cha magurudumu kingeingia.

Nilianza Masasi, siku mama aliponipeleka hospitali, nikiwa na futi yangu ya kupimia nguo. Mgahawa wa kwanza ulikuwa na mtaro mbele, na kivuko chake kilikuwa kipande cha mbao chenye upana wa kiatu. Wa pili ulikuwa na ngazi nne. Wa tatu haukuwa na ngazi, nikakaribia kulia kwa furaha, mpaka nilipopima mlango wa choo: sentimita hamsini na tano. Kiti changu kina sitini na mbili. Hapohapo mhudumu akamwuliza mama, juu ya kichwa changu, "Na huyu anakula nini?" Nina miaka ishirini na sita. Nusu ya sare za shule za mtaani kwetu nimeshona mimi.

Newala nilipata mgahawa wenye baa pembeni na ngazi mbili tu. Hesabu ya mteremko nilikuwa nimejifunza kwenye simu. Nikachora, fundi akaunganisha mbao zikawa ubao mmoja mpana wa kuegemeza kwenye ngazi, nikapanda na kushuka mwenyewe mara tatu, kwa sababu mara mbili hazinitoshi. Mwenye mgahawa alisema, "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Siku hiyo ubao utakuwepo."

Siku yenyewe sikunywa hata maji tangu alfajiri, maana choo cha pale sikukiamini. Nilipofika, ngazi zilikuwa tupu.

"Shikamoo," nikamsalimu mwenye mgahawa.

"Marahaba, mwanangu, karibu sana!"

"Ubao uko wapi?"

"Upo." Akanionyesha ndani.

Wageni walikuwa wamezidi, viti vimepungua. Ubao wangu ulikuwa umelazwa juu ya makreti ya soda, na walimu wanane wameukalia, wanakula pilau.

"Waombe wasimame kidogo."

"Ah, watu wazima wale, wameshanawa! Vijana hawa watakubeba, dakika moja."

Wanaume wawili walishatoka upande wa baa. "Gunia la korosho tunabeba, itakuwa dada huyu?" mmoja akasema, wakacheka.

Niliwahi kubebwa, harusini. Gauni lilipanda hadi mapajani, na aliyenishika makwapani alikuwa akitaniana na mwenzake muda wote. Nikasema sitaki. Mama akashuka, kavaa kitenge chake kipya, akanong'ona, "Kubali tu, mwanangu. Watu wameshakaa."

Ningeweza kumsamehe mwenye mgahawa kabla ya kumsamehe mama kwa maneno hayo. Lakini niseme na langu: kwa kitambo kidogo nilifurahi. Kusoma mbele ya watu nilikuwa nakuogopa, na sasa nilikuwa na sababu ya kutosoma.

Mama alirudi ndani. Mshereheshaji akaita risala ya familia. Sauti ya mtu mle ndani ikasema, "Basi aisome mwingine."

Hapo hasira ikapita woga. Nilisoma kutoka chini, juani, nikipiga kelele kama muuza samaki. Niliruka aya nzima, ileile niliyoihangaikia kuliko zote. Pale penye "mama yangu mpole" nilitamka kama ninamgombeza. Watu wakatoka hadi barazani na sahani mkononi, wakasimama kule juu ya ngazi kusikiliza, na mama katikati yao akilia. Hata wale wanane walitoka. Kupitia mlangoni niliona ubao wangu ukiwa mtupu juu ya makreti. Hakuna aliyeuleta.

Walipiga makofi. Mwenye mgahawa alishuka akitabasamu.

"Umeona, mwanangu? Sauti imefika mpaka jikoni. Mambo yamekwenda vizuri."

"Hayajaenda vizuri, baba. Nimepiga kelele. Sikuiandika risala ile ili nipige kelele."

Akacheka, akaniuliza kama aniletee pilau hapohapo nje. Nikamwambia aniletee kwanza ubao. Akageuka kutazama ndani. Walimu walikuwa wameshaukalia tena.